Mji Uliowakaribisha Maharamia Kisha Ukawanyonga: Charles Town, 1670 hadi 1719

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya walimu wa historia na wapenzi wa mambo ya bahari. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakufika.

Mabibi na mabwana, walimu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Nianze na swali. Mji ukijizungushia ukuta, ukachimba handaki na kupanga mizinga kuelekea baharini, unamwogopa nani? Sisi wa Mombasa jibu tunalo mkononi, maana Fort Jesus tunapita mbele yake kila siku. Ilianza kujengwa 1593, baada ya nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, kuwasumbua Wareno mara mbili katika pwani hii. Adui alikuja kwa bahari, ngome ikajengwa. Hesabu rahisi.

Leo nawapeleka kwenye mji ambao hesabu hiyo haikubali. Ni Charles Town, katika koloni la Carolina. Siku hizi unaitwa Charleston, kusini mwa Marekani. Ukuta ulikuwa nao. Maharamia ulikuwa nao pia. Lakini ukuta haukujengwa kwa sababu ya maharamia, wala maharamia hawakuwahi kuzuiwa na ukuta. Kwa karibu miaka 30 ya mwanzo waliingia kwa mlango wa mbele, wakauza, wakanunua, wakanywa, wengine wakaoa na kubaki. Kisha mwishoni mwa mwaka 1718 mji ule ule ukawanyonga watu 49 katika muda wa majuma machache.

Ni nini kilichobadilika? Haramia alikuwa yule yule, na bahari ile ile. Mimi nasema tukatazame ghalani. Mji usiokuwa na kitu cha kuibiwa humpenda mwizi anayekuja na mali ya watu wengine. Siku ghala lake likijaa, mapenzi yamekwisha.

Tuanze na fedha.

Walowezi walifika Aprili 1670, wakapiga kambi Albemarle Point, ukingo wa magharibi wa mto Ashley. Mwaka 1680 mji ukahamia Oyster Point, ulimi wa nchi kavu kati ya mto Ashley na mto Cooper, mahali ambapo merikebu ilitia nanga karibu na nyumba za watu. Koloni lenyewe halikuwa la Mfalme moja kwa moja. Charles wa Pili aliwapa mabwana wakubwa 8 wa Uingereza mwaka 1663, nao wakaitwa Mabwana Wamiliki. Waliishi Uingereza, wakasubiri faida. Kumbukeni hao mabwana, tutakutana nao tena.

Faida ilikuwa haba. Walowezi waliuza ngozi za kulungu, nyama ya chumvi, mbao na lami ya misonobari. Na tusifiche: waliuza pia wenyeji wa nchi ile, waliotekwa vitani wakapelekwa utumwani visiwani. Pamoja na hayo yote, sarafu hazikukaa mfukoni. Uingereza haikuruhusu sarafu zake zipelekwe makoloni, na kila fedha iliyopatikana ilirudi London kulipia majembe, nguo na baruti. Watu wakawa wanalipana kwa ngozi na kwa madaftari ya madeni.

Sasa fikirini chombo kinatokea baharini, kimejaa sarafu za Kihispania. Sarafu hiyo pwani yetu nayo iliijua baadaye. Wazee waliiita reale ya mzinga, kwa sababu zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake machoni mwao zilikuwa mizinga. Mwenye duka wa Charles Town angeuliza reale hizi zimetoka wapi? Angeuliza kwa ajili gani? Haramia alihitaji unga, nyama, pombe, kamba, tanga na lami ya kalafati. Hakukopa, na hakubishania bei sana. Tena karibu kila nahodha wa aina hiyo alikuwa na karatasi mfukoni, hati ya gavana fulani inayomruhusu kuteka merikebu za adui. Hati nyingine zilikuwa zimeisha muda, nyingine zilikuwa za vita vilivyokwisha. Gavana aliyetaka kuamini, aliamini.

Wapo waliokuwa wepesi mno wa kuamini. Robert Quary alishika nafasi ya ugavana huko Carolina miaka ya 1684 na 1685, akaondolewa kwa tuhuma za kushirikiana na maharamia. Mnajua alikoishia? Miaka ya 1690 tunamkuta Pennsylvania, sasa ni hakimu wa mahakama ya mambo ya bahari, anaandika barua London kulalamika kwamba watu wa huko wanawakaribisha maharamia! Wengine humcheka. Mimi nadhani hakuna aliyefaa kazi ile kuliko yeye, maana njia zote alizijua.

Kisa cha pili kinaanzia karibu na kwetu. Mnamo Oktoba 1691, kwenye kisiwa cha Sainte-Marie, ubavuni mwa Madagascar, ilifika merikebu iitwayo Bachelor's Delight, nahodha wake George Raynor, mizinga 14, watu 70 au 80. Walikuwa wametoka Bahari ya Shamu, ambako waliteka merikebu ya Waislamu na kupata fedha nyingi hivi kwamba kila mtu alipata fungu la pauni 1,100 hivi. Baharia wa kawaida wa Kiingereza hakuzipata pauni 30 kwa mwaka. Pale Sainte-Marie alikuwepo mfanyabiashara aitwaye Adam Baldridge, na habari hizi ni za maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa baadaye. Walipokuwa wameulaza upande mwili wa merikebu ili kuusafisha, yeye aliwauzia ng'ombe. Malipo? Shanga, mizinga 5 ya kuweka kwenye boma lake, baruti na risasi, mapipa 6 ya unga, na vipande 70 hivi vya chuma. Desemba wakang'oa nanga kwenda Amerika. Na Baldridge anasema alisikia walifika wapi? Carolina. Huko wakapatana na wenye merikebu kwa kuwalipa pauni 3,000 za kuichakaza, mambo yakaisha.

Mali ya msafiri wa Bahari ya Shamu, iliyogawanywa karibu na Madagascar, ikaenda kuwa mtaji Carolina. Hakuna aliyenyongwa.

Tuje kwenye ukuta. Hapa naomba mnivumilie, maana ukuta huu una mambo.

Adui wa Charles Town alikuwa Mhispania. Alikuwa St. Augustine, kusini, na kuanzia 1672 alikuwa akijijengea huko ngome ya mawe. Kwa hiyo miaka ya 1690 mji ukaanza ukuta wa matofali upande wa mto Cooper, mbele ya maduka na magati. Udongo wa pale ni tope. Ukilaza tofali juu yake, leo liko, mwakani limezama. Mafundi wakalaza kwanza magogo na mbao topeni, kisha wakapandisha matofali juu yake. Mti ukibaki chini ya maji, pasipo hewa, hauozi. Ukilowa na kukauka, kulowa na kukauka, miaka michache tu umekwisha. Ndiyo maana msingi ulipaswa kwenda chini kuliko maji ya kupwa. Fundi aliyeona uvivu akauinua kidogo, mawimbi yalimfundisha adabu.

Na chokaa je? Hapakuwa na mawe ya chokaa karibu. Palikuwa na makombe ya chaza, vichuguu na vichuguu, yaliyoachwa na wenyeji kwa karne nyingi. Rasi ya kusini ya mji iliitwa White Point kwa sababu ya weupe wa makombe hayo. Kazi yake mnaijua: unapanga tabaka la kuni, tabaka la makombe, tabaka la kuni, unawasha, unaacha liwake hadi makombe yalegee. Likipoa unalimwagia maji, linachemka na kuvunjika unga, unachanganya na mchanga. Mtu aliyewahi kuona tanuri la matumbawe Lamu au Pemba hahitaji kuelezwa zaidi. Kosa la kawaida ni haraka. Kombe lisipoiva vizuri hubaki na kiini kigumu, na ukutani kile kiini hakishiki kitu.

Mwaka 1702 vita vilipozuka, Gavana James Moore alikwenda kuizingira St. Augustine. Aliuchoma mji, ngome ikamshinda, na vyombo vya Wahispania kutoka Cuba vilipotokea akaviacha vyake na kurudi kwa miguu. Unamchokoza jirani, unashindwa, unarudi nyumbani. Kitu gani kinafuata? Unajenga ukuta haraka! Ndivyo ilivyokuwa. Kati ya 1703 na 1704 pande tatu zilizobaki zikafungwa kwa udongo, mbao na handaki, mji ukawa ndani ya boma la ekari 62 hivi. Kwenye pembe pakawa na buruji zenye majina ya Mabwana Wamiliki: Granville, Craven, Colleton, Carteret. Katikati ya ukuta wa mtoni, mwisho wa Broad Street, pakajengwa buruji la nusu duara, Half Moon, lenye nyumba ya walinzi. Nyumba hiyo nayo mwiweke akilini.

Ukuta ulifanya kazi? Mwaka 1706 Wafaransa na Wahispania walikuja, mji ukiwa umeshikwa na homa ya manjano. Inasimuliwa kwamba mjumbe wao alimpa Gavana Nathaniel Johnson saa moja ya kufikiri, naye akajibu kwamba hata dakika moja hahitaji. Mfanyabiashara mmoja, William Rhett, akapewa vyombo kadhaa akawatokea majini, wakaondoka. Kwa Mhispania, basi, ukuta ulifaa. Adui aliyeumiza zaidi ukuta huo alikuwa hali ya hewa. Tufani ya Septemba 1713 iliubomoa upande wa mtoni, na udongo wa pande nyingine kila msimu wa mvua ulikuwa ukiteremka kidogo kidogo handakini. Ukuta wa udongo usiotengenezwa kila mwaka hurudi kuwa kilima.

Lakini tazameni bandari yenyewe kwenye ramani, ndipo mtaelewa kila kitu kinachofuata. Mji uko ndani. Mbele yake kuna ghuba. Nje ya ghuba, maili kadhaa kutoka kwenye ukuta, kuna mafungu ya mchanga yamelala kukata mlango wa bahari. Merikebu kubwa haipiti hapo bila rubani anayeijua njia, na bila kungoja maji yajae. Mzinga mzuri wa wakati ule ulipiga maili moja kwa bahati. Mwenye kushika mafungu yale ameushika mji mzima, na mizinga yote ya ukutani inabaki kulinda samaki.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuyashika. Mpaka mchele ulipokuja.

Mbegu ilitoka wapi? Kuna kisa mashuhuri kwamba nahodha mmoja aliyetoka Madagascar miaka ya 1680 alimwachia daktari wa Charles Town mfuko wa mpunga. Wanahistoria wanakibishia, na mimi siweki mkono wangu. Jambo lisilobishaniwa ni nani aliyejua kuulima. Walikuwa Waafrika, wengi kutoka Afrika Magharibi, watu waliouzwa, ambao kwao mpunga ulikuwa kazi ya mababu. Waliziba maji ya vinamasi, wakapanda, wakavuna, wakatwanga kwa kinu na mchi, wakapepeta kwa ungo walioushona wenyewe kwa majani. Kila mama aliyemo humu anajua kutwanga pishi moja ya mpunga ni kazi gani. Tena ukitwanga kwa hasira mchele unakatika, na mchele wa kukatika bei yake iko chini. Sasa chukueni kazi hiyo mwizidishe kwa mapipa, majira yote ya baridi, usiku kwa mchana.

Mwaka 1698 Carolina ilisafirisha ratili 10,000 hivi za mchele. Miaka miwili baadaye, karibu ratili 400,000. Mwaka 1720, zaidi ya ratili milioni 6. Mwaka 1708 koloni lilihesabu watu wake: Waafrika watumwa 4,100, Wazungu 4,080, wenyeji watumwa 1,400. Mji ambao baadaye ulimhukumu haramia kwa kuteka mali ya watu ulikuwa na watu kama mali kwenye magati yake. Hilo nalitaja tu, wala silipitishi kama jambo dogo.

Mchele ni mzigo mkubwa wa bei ndogo. Huwezi kuuficha, huwezi kuukimbiza. Unakaa ndani ya merikebu nzito ya mwendo wa pole, inayongoja maji mbele ya mafungu ya mchanga. Haramia aliyeleta reale alikuwa mteja. Haramia anayekamata merikebu ya mchele amekamata mshahara wa mji mzima.

Na mji ulianza kubadilika mara moja. Karibu mwaka 1700, watu 45 wa mataifa mchanganyiko walitoka Havana na merikebu yao, wakawa wanateka vyombo vya Carolina. Wakagombana kwenye kugawana. Waingereza 9 wakafukuzwa, wakapewa mashua. Walitua ghuba ya Sewee, wakatembea hadi Charles Town, wakajifanya wamevunjikiwa na chombo. Miaka 10 nyuma wangepewa chakula na kazi. Safari hii, kwa bahati yao mbaya, mjini walikuwepo manahodha 3 ambao vyombo vyao vilikuwa vimetekwa na watu hawa hawa. Wakawatambua kwa sura. Wakashtakiwa, 7 wakanyongwa. Wakati huo huo Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria iliyoruhusu maharamia kuhukumiwa makoloni kwenyewe. Zamani walipaswa kupelekwa London pamoja na mashahidi, gharama ambayo ilikuwa kinga nzuri sana ya haramia.

Sasa tufike mwaka wenyewe, 1718.

Mwishoni mwa Mei alikuja Blackbeard, yaani Edward Teach au Thatch, majina yake yaliandikwa kwa namna nyingi. Alikuwa na Queen Anne's Revenge, mizinga 40 hivi, ambayo miezi michache nyuma ilikuwa merikebu ya Kifaransa ya kusafirisha watumwa, La Concorde. Nyuma yake vyombo vidogo vitatu, na watu wasiopungua 300. Hakuusogelea ukuta. Alisimama kwenye mafungu ya mchanga. Na chombo cha kwanza alichokamata ni kipi? Mashua ya marubani. Mnaona ujuzi huo? Ukimchukua rubani, kila aliye ndani hatoki na kila aliye nje haingii. Katika muda wa juma moja hivi alikamata vyombo 8 au 9.

Kwenye mojawapo, iliyokuwa ikienda London, alikuwemo Samuel Wragg, mjumbe wa baraza la gavana, pamoja na mwanawe William wa miaka 4. Blackbeard akatuma watu wake mjini na mateka mmoja, Bwana Marks. Ujumbe: leteni sanduku la dawa, la sivyo nitatuma vichwa. Dawa tu! Thamani ya pauni 300 au 400. Mashua ya Marks ikapinduka njiani, siku zikapita, mateka wakakata tamaa. Huku nyuma maharamia waliotumwa walikuwa wakitembea mitaani mchana kweupe, mbele ya ukuta, mbele ya mizinga, na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Gavana Robert Johnson hakuwa na manowari hata moja ya Mfalme bandarini. Akatoa dawa. Mateka wakaachiwa karibu uchi, na fedha taslimu za pauni 1,500 hivi zikaenda.

Kwa nini dawa? Queen Anne's Revenge ilikwama mwezi uliofuata kwenye mlango wa Beaufort, North Carolina, na mabaki yake yakapatikana 1996. Miongoni mwa vitu vilivyoopolewa ni bomba la sindano la bati lenye chembe za zebaki. Zebaki ilikuwa dawa ya kaswende. Nawaachia mfikiri wenyewe.

Miezi mitatu baadaye Charles Vane naye akaja kusimama pale pale. Hapo mji ukachoka. William Rhett, yule wa 1706, sasa kanali na tajiri, akaomba ruhusa ya gavana akatayarisha vyombo viwili vya mlingoti mmoja: Henry, mizinga 8 na watu 70, na Sea Nymph, mizinga 8 na watu 60. Vane hakumpata. Akasikia kuna haramia anatengeneza chombo mtoni Cape Fear, kaskazini. Akageuza.

Aliyekuwa mtoni ni Stede Bonnet, na huyu ni wa ajabu. Alikuwa na shamba Barbados, hakuujua ubaharia, akanunua chombo kwa fedha zake na kuwalipa maharamia wake mshahara. Alikuwa pale kwa sababu ya kawaida kabisa: chombo chake, Royal James, kilikuwa kinavuja. Maji ya joto yana funza wanaotoboa mbao, na bila kalafati na lami kila miezi michache, mabaharia hushinda wakifua maji badala ya kuteka.

Rhett alifika jioni ya Septemba 26, akapanda mchanga. Usiku ule pande zote mbili zilikesha. Alfajiri Bonnet akatweka akitaka kupenya kwenda baharini. Vyombo vya Rhett vikamkabili kutoka pande mbili, yeye akabana ufukweni, akakwama. Henry ikakwama mbele yake, umbali wa risasi ya bastola. Sea Nymph ikakwama mbali, haina msaada. Maji yanakupwa. Vyombo vitatu vimepwelewa, vinatazamana.

Na hapa, nyinyi watu wa pwani, sikilizeni vizuri. Chombo kilichopwelewa hulala ubavu. Royal James ililala kumpa Rhett mgongo: ubavu wa chombo ukawa ukuta, na watu wa Bonnet wakajificha nyuma yake. Henry ililala upande ule ule, lakini kwa Henry maana yake ni kwamba sitaha yake yote iliwaelekea maharamia, wazi kama sinia. Kwa saa 5 hivi watu wa Rhett walipigwa risasi hivyo. Henry peke yake ilipoteza watu 10, na 14 wakajeruhiwa. Maharamia walivua kofia wakawapungia, wakiwaita waje. Baruti haikuwa na uamuzi tena, wala ushujaa. Kila mtu alikuwa anangoja maji, na swali lilikuwa moja: yakijaa, nani ataelea kwanza?

Ikaelea Henry. Rhett akarekebisha tanga, akamsogelea Bonnet ambaye bado alikuwa mchangani. Inasemekana Bonnet alitaka kulipua ghala la baruti. Watu wake wakakataa. Wakasalimu amri.

Oktoba 3 walifikishwa Charles Town. Mji haukuwa na jela ya maana. Mabaharia wakafungwa katika nyumba ya walinzi pale Half Moon. Bonnet, kwa kuwa ni bwana mwenye shamba, akawekwa nyumbani kwa ofisa wa mahakama. Akatoroka! Inasimuliwa alivaa nguo za kike. Rhett akamrudisha kutoka kisiwa cha Sullivan's. Na msidhani mji wote ulifurahi: palizuka ghasia za watu waliotaka maharamia waachiwe. Wale waliozoea reale za bei rahisi hawakuwa wamekufa wote.

Jaji alikuwa Nicholas Trott. Jina hilo halikuwa geni katika mambo ya uharamia. Mjomba wake, naye akiitwa Nicholas Trott, alikuwa gavana wa Bahamas mwaka 1696, na huyo ndiye aliyempokea Henry Every, aliyetoka kuipora Ganj-i-Sawai, merikebu ya Mfalme wa Mughal iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji India. Mjomba alipewa fedha, pembe za ndovu, baruti na merikebu yenyewe, akafumba macho. Miaka 22 baadaye mpwa wake anasoma hukumu za kifo. Ukoo mmoja, jina moja. Mimi siamini kwamba mpwa alizaliwa na roho safi zaidi. Alikaa tu kwenye mji ambao mchele ulikuwa unangoja kusafiri.

Novemba 8 walinyongwa 22 pale White Point, wakazikwa topeni chini ya alama ya maji kujaa. Mwezi ule ule Gavana Johnson mwenyewe alitoka na vyombo 4 na watu 300 hivi, mizinga ikiwa imefichwa kama vile ni wafanyabiashara, akamnasa haramia mwingine nje ya mafungu. Merikebu moja waliyoiteka, walipofungua ngama, walikuta wafungwa wa Kiingereza waliokuwa wakipelekwa makoloni, wakiwemo wanawake 36. Bonnet aliandika barua za kujililia, na Rhett, aliyemkamata mara mbili, alijitolea kumpeleka London akaombewe. Gavana akakataa. Alinyongwa Desemba 10.

Bili ya yote hayo alilipa nani? Wenye mchele wenyewe. Na wale Mabwana Wamiliki, ambao majina yao yaliandikwa kwenye buruji za ukuta? Waliombwa msaada, hawakuleta mzinga wala manowari. Desemba 1719, askari wa mgambo wakiwa wamekusanywa kwa hofu ya Wahispania, wajumbe wa bunge la koloni wakatangaza kwamba hawawatambui tena, wanamtaka Mfalme. Gavana Johnson, mshindi wa mwaka mmoja tu nyuma, aliwatumikia mabwana hao, akaondolewa. Alirudi 1730, sasa akiwa gavana wa Mfalme.

Ukuta wa udongo wa upande wa magharibi ulianza kuondolewa miaka ya 1720 na 1730 ili mji upanuke. Wa matofali ulidumu zaidi. Ile nyumba ya walinzi ya Half Moon, walimofungwa watu wa Bonnet, ilibomolewa, na kati ya 1767 na 1771 wafanyabiashara wakajengewa juu yake jumba kubwa la mabadilishano na forodha. Ukishuka leo kwenye sakafu yake ya chini, utaiona sehemu ya ukuta wa nusu duara imesimama pale gizani, matofali na chokaa ya makombe ya chaza.

Asanteni. Nipo hapa kwa maswali.